Gari Lililoacha Kuvuja

Mama,

Nimetoa injini ya pikapu yako. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeuliza kwanza habari za gari ndipo uulize habari za watu. Tuliitoa Jumanne ya wiki iliyopita, mimi na Osea, yule fundi mwenzangu wa gereji uliyekuwa ukimwita mkwe kwa kuwa alikula kwako kila Jumapili na hakuwahi kukuletea hata robo ya sukari. Leo ni Jumamosi mchana. Nimekaa barazani kwako na daftari, Mzee ameenda shambani.

Kesho asubuhi nina jambo zito la kufanya kanisani. Kabla sijalisema mbele ya watu nimeona nikuambie wewe, maana ni wewe uliyepatwa nalo.

Ngoja kwanza nikupe habari, nipumue. Malori bado yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wanasonga ugali chini ya trela zao, na vumbi la Tunduma bado linatua kwenye chai kabla hujaipuliza. Osea ameoa, safari hii ameoa kweli, binti wa Mbozi anayemkaripia mbele za watu. Ungempenda. Mzee amejifunza kupika wali. Unamuungulia chini kila siku na anadai hivyo ndivyo anavyoupenda. Upande wako wa kitanda hajaruhusu mtu aulalie. Wageni walipojaa siku ya kumaliza msiba, alitandika mkeka akalala chini, kitanda kikabaki kitupu.

Na pikapu ilikaa mwaka mzima nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Unajua desturi ya kwetu, vitu vya marehemu havishikwi mpaka ukoo ukae, umalize msiba na kuvigawa. Watu walidhani naiheshimu sana desturi hiyo. Mama, niliikumbatia. Nilikuwa naogopa kuinua boneti ile kama mtoto anavyoogopa shimo la choo.

Lakini gari lenyewe halikuninyamazia. Nikiwa gereji nafunga tairi la mtu nasikia injini yako ikigonga, ko, ko, ko, mpaka namuuliza Osea kama na yeye anasikia. Anasema hapana. Mteja akija na taa nyekundu ya oili imewaka, nafungua kila kitu, naangalia kila kitu, wateja wanalalamika kwamba siku hizi nimekuwa mzito. Na ndoto ni ile ile moja. Umekaa kwenye usukani, kioo kimeshushwa, umejifunga kilemba chako cha bluu, unatazama barabara. Huniangalii. Unaniuliza, "Baba, niendelee?" Ulinipa jina la baba yako, kwa hiyo maisha yangu yote uliniita Baba. Unaniuliza, na mimi ndotoni najua jibu sahihi, nalijua kabisa, lakini mdomo ukifunguka unatoka ule ule ujinga. Kila mara, Mama. Sijawahi kukujibu vizuri hata mara moja.

Unakumbuka jinsi pikapu ilivyokuwa inavuja oili? Ulinitangaza mji mzima. "Mwanangu ni fundi, lakini gari la mama yake linajikojolea." Pale kanisani palikuwa na doa jeusi mahali ulipozoea kuegesha, na akina mama wakawa wanalipita wakisema fundi ameweka sahihi. Mimi nilicheka nao, lakini liliniuma. Nikaamua kuimaliza kabisa habari hiyo. Nilifungua sampu, lile beseni la chuma chini ya injini linamokaa oili, na gasketi yake, ule utando wa kuziba maungio, nikaikuta imekwisha. Mpya ilikuwepo ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Sikwenda. Nilikuwa na gundi nyekundu ya silikoni, ile tunayopaka wote hapa gasketi inapokosekana, na kwa kuwa lilikuwa gari la mama yangu nikapaka mara mbili, kwa kidole. Nikapaka kama mtu anayempaka mwanawe mafuta asubuhi ya Krismasi. Ilipofungwa, nyingine ikatokeza pembeni, nikaifuta kwa kidole. Ile iliyotokeza kwa ndani sikuiona, na wala sikuifikiria.

Gari likaacha kuvuja. Asubuhi ulikuta boksi ulilotandika chini ya injini halina hata tone, ukalibeba ukapita nalo nyumba kwa nyumba. "Tazameni. Kavu!" Mpaka kwa mjumbe ulikwenda na boksi lako. Sijawahi kusifiwa vile na mtu yeyote, kabla wala baada.

Halafu ile taa. Mwaka mmoja kabla, taa ya oili iliwahi kuwaka, nikatafuta, nikakuta ni waya tu umechubuka na unagusa chuma. Niliuzungushia utepe. Ukaniuliza kama ni hatari, nikakuambia, "Hiyo taa ni muongo, Mama. Ikiwaka tena usiijali, ni waya." Ilikuwa kweli siku ile. Ndiyo maana uliyashika maneno yangu.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho sikumwambia mtu mwaka mzima. Watu wote wanajua kwamba ulikuwa umetoka Ivuna, kwa Mama Edina, mwenzako wa biashara ya mchele tangu mimi nasoma shule ya msingi. Wanajua ulipakia magunia na kile kifuko cha chumvi cha kila safari, mkaagana, ukaanza safari ya kurudi Tunduma. Wasichojua ni kwamba ulinipigia simu. Nilikuwa chini ya lori, nikapokea kwa mkono wenye grisi. Ulisema, "Baba, ile taa yako imewaka. Niendelee?" Nikasema, "Endelea tu Mama, ni waya."

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Sikukuambia hata safari njema, nilikuwa na haraka na nati za watu.

Ukaendelea kwa sababu nilisema uendelee. Injini ikanoki, ikakwama kabisa, kabla hujaanza kupanda mlima, mahali pasipo na mtandao, jua la bondeni saa sita, na wewe na presha yako. Ukafunga milango, ukarudi kwa mguu mpaka kwa Mama Edina. Alikupa maji. Alikuvua viatu. Alikwenda kuchukua kanga ailoweshe akuweke kichwani, aliporudi ulikuwa umelala ubavu kwenye mkeka wake na hukumwitikia.

Yote haya alituambia yeye mwenyewe, na hatukumwamini. Nasema hatukumwamini, lakini mimi nilimwamini. Mama mdogo Leya, mdogo wako, ndiye aliyeanza. Alisema gari lina maji kwenye rejeta, lina dizeli, lina oili, limezima lenyewe kwa sababu gani? Alisema dada yake ametoka salama kwenye nyumba ile, gari likamgomea mpaka akarudi humo humo, akanywa maji ya humo, akafa. Watu wakapiga hesabu zao. Unajua watu wa huku wakishapiga hesabu ya namna hiyo haifutiki. Ibada ya pili baada ya mazishi, Mama mdogo alisimama kanisani kutoa shukrani za familia, akaomba Mungu amfichue mwenye mkono katika kifo hiki, aliyekaa Ivuna. Hakumtaja jina. Hakuhitaji.

Tena kabla ya hapo, siku ya msiba, Mama Edina alikuja. Alikuja na gunia la mchele, ule mrefu unaonukia uliokuwa ukiupenda. Akina mama jikoni walikataa kuupika. Hakuna aliyemtukana, waliliacha tu gunia pale chini na kulizunguka wakipita na masufuria. Mwishowe Mama mdogo akasema mtu alirudishe kwenye gari alilokuja nalo. Mama, mimi ndiye niliyelibeba lile gunia. Nililiweka mgongoni nikapita nalo mbele ya watu wote, na Mama Edina akanifuata nyuma bila kilemba, amekishika mkononi. Nilipolitua aliniambia, "Ahsante, mwanangu." Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo sokoni hapa mchele wake haununuliwi. Aliacha kuja. Mwaka mzima nikaacha iwe hivyo.

Utaniuliza kama nilijua. Gari lilipovutwa kuletwa nyumbani, kila mtu alilizunguka akilia, mimi nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa juu, kamili kabisa, na hapo hapo nikajua. Taa imewaka na oili ipo, basi oili haipandi. Kitu kimeziba chini. Nikakifuta kijiti na shati langu la msiba, nikakirudisha, nikafunika boneti. Mama mdogo akaniuliza nimeona nini. Nikasema, "Oili iko sawa." Kwa neno hilo moja nilimkabidhi Mama Edina kwa watu.

Mwezi uliopita ukoo ulikaa. Vitenge vyako waligawana wadogo zako, Biblia imebaki kwa Mzee, na pikapu wakanipa mimi. Mama mdogo alikuwa na sharti moja, nisiiwashe wala kuiuza mpaka injini itolewe, kwa sababu kuna kitu kimewekwa humo ndani. Wazee wakakubaliana naye. Nilikaa pale kwenye mkeka nikitazama miguu yangu, nikifikiri kwamba kati ya watu wote waliosema tangu ufe, huyu wa leo amesema kweli.

Jumanne tukaanza. Tulisimika mabomba matatu ya chuma, tukayafunga juu, tukaning'iniza mnyororo wa kunyanyulia. Nilipotoa turubai, majani yalikuwa yameota toka chini yakapenya mpaka kwenye feni, meupe kwa kukosa jua. Ndani, kifuko chako cha chumvi kilikuwa bado kiko kwenye kiti, kimeshikana kuwa jiwe. Kulikuwa na harufu yako, Mama. Mafuta ya nazi na magunia. Osea akavua kofia bila kuambiwa.

Tulikwenda polepole. Betri, boneti, rejeta, mipira ya maji, waya moja moja. Kila waya niliufunga karatasi na kuandika, kama nilivyofundishwa, ingawa nilijua injini ile hairudi. Nilipoufikia waya wa ile taa niliutazama sana. Utepe wangu ulikuwa bado umeshika, mzima, hauna mkwaruzo. Siku ile waya haukuwa na shida yoyote. Taa haikusema uongo.

Nikakaa chini kwenye majani nikalia, Osea akadhani nalia kwa ajili ya harufu.

Tulilegeza nati za giaboksi, tukafungua maunting, vile vishikio vya injini, za kulia na kushoto, Osea akavuta mnyororo. Injini ilisita, halafu ikainuka. Ilipotoka kabisa ikaning'inia na kuanza kujigeuza taratibu, upande huu, upande ule, mahali pasipo na upepo. Nikasikia ko, ko, ko. Safari hii Osea naye alisikia. Ilikuwa ni kiungo cha mnyororo kinagonga bomba, nilikiona kwa macho yangu, na bado nywele zilinisimama. Nilimwambia ashushe haraka.

Tukailaza ubavu juu ya matairi, tukafungua sampu. Ile gundi nyekundu ilikuwa imening'inia ndani pande zote kama utumbo wa kuku. Vipande vilivyokatika vilikuwa vimefyonzwa vyote mahali pamoja, kwenye chujio linalovuta oili kuipeleka juu. Lilikuwa limezibwa lote, jekundu tupu. Nilipokivuta kipande kimoja kikatoka na alama ya kidole changu.

Osea alitazama chujio, akanitazama mimi. Ni fundi, hakuhitaji kuelezwa. Alisema, "Kaka, tulitupe. Tuseme krenki ilikatika." Alisema kwa upendo, Mama, usimchukie. Na mimi nililishika lile chujio nikawaza jinsi ilivyo rahisi, shimo la takataka liko hatua kumi. Mama mdogo angelala usingizi, mimi ningelala usingizi, na mtu mmoja tu, mbali huko bondeni, angebaki kuwa mchawi.

Nililifunga kwenye gazeti nikaingia nalo ndani kwa Mzee. Nikamweleza yote. Gundi, waya, simu. Aliuliza swali moja tu. "Tangu lini unajua?" Nikasema tangu siku ile, Mzee. Akachukua jembe akaenda kupalilia mahindi yaliyokwisha kupaliliwa. Siku mbili hakusema na mimi. Siku ya tatu, tukiwa mezani na wali wake wa kuungua, akasema, "Nenda Ivuna mwenyewe. Usipige simu. Simu umeshapokea ya kutosha." Mzee hajui kusema maneno makali, Mama. Lile lilimponyoka, na akaona limeniingia, akanisogezea bakuli la maharage.

Nikaenda. Nilishuka na basi la Kamsamba, nikaunganisha kwa bodaboda. Mama Edina alikuwa anaanika mpunga mbele ya nyumba. Amekonda. Alinikaribisha kama zamani, akaniletea maji, halafu akayaangalia yale maji mkononi mwake na kusita, akaanza kurudi nayo ndani. Alidhani nitaogopa kuyanywa. Mtu aliyenilisha tangu nina meno ya utoto. Nilimfuata nikachukua kikombe nikanywa chote nikiwa nimesimama, na sikujua kama ninalia mpaka aliponiambia nikae.

Nikafungua gazeti. Nikamweleza. Nilimwambia na habari ya gunia, kwamba nililibeba nikiwa najua. Nilipiga magoti, nikasema, "Nisamehe, mama." Aliendelea kutoa mawe kwenye mpunga. Sikuwa nimewahi kumuogopa mwanamke yule.

Halafu akasema, "Nimekusikia. Sasa umekuja kuniambia humu ndani kwangu, na humu ndani hakuna aliyeniita mchawi. Nenda kaseme kule walikonisemea. Mimi nitakuja, nitakaa, nisikie kwa masikio yangu. Habari ya kusamehe tutaiongea baadaye."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza kama ulisema chochote siku ile. Akasema ulilalamika jua, ukaomba maji mara ya pili, na ukasema miguu inawaka moto. Nilitarajia kitu kingine, sijui nini. Jina langu labda. Hakunitungia, na namheshimu kwa hilo.

Nimeongea na mchungaji. Kesho baada ya matangazo atanipa nafasi. Mama mdogo nilimwambia jana, nisimvizie mbele za watu. Alinifukuza. Alisema namtetea aliyemuua dada yake, halafu akasema najitafutia dhambi isiyo yangu, halafu akalia, akasema yeye sasa ataingiaje sokoni. Nilimwacha mlangoni ameshika mwimo. Sijui kama kesho atakuja. Osea anasema wateja watanikimbia, nani atampa gari fundi aliyemuua mama yake? Huenda wakakimbia kweli. Nimeshawaza nitakavyolima na Mzee.

Naogopa, Mama. Nasema wazi. Wapo watakaosema nimelipwa na Ivuna, wapo watakaosema nimerogwa na mimi. Mwingine ataniona mjinga kuharibu jina langu kwa mtu tuliyekwisha kuzoea kumchukia. Na hata wakiniamini wote, wewe hutarudi. Nilikuwa nadhani nikishasema utaacha kunijia ndotoni. Jana ulikuja tena, na kilemba kile kile, na swali lile lile. Labda utakuja maisha yangu yote. Njoo tu. Ni wewe, siwezi kukufungia mlango.

Mama Edina ameshafika. Ameshuka na basi la asubuhi, ameleta gunia. Nilimwomba afikie kwetu, Mzee pia akamwomba, akakataa. Amepanga chumba gesti karibu na stendi. Alisema atalala hapa nyumbani siku atakayokaribishwa na watu waliomtoa, na hao walikuwa akina mama, si wanaume wawili. Gunia ameliacha kwa Mzee. Liko hapa barazani, karibu na mguu wangu, halijafunguliwa.

Lala, Mama yangu. Nimekukosea kwa mkono na kwa mdomo. Kwa mkono sikukusudia, na kwa mdomo nilikusudia kila siku ya mwaka huu. Nakuahidi kwamba kesho nikisimama sitaanza na gundi wala taa, maana watu watapotelea kwenye habari za ufundi. Nitaanza na jina la Mama Edina, nilitaje lote, jina la ubatizo na la ukoo, kama wanavyotaja wanaofunga ndoa. Halafu nitasema simu ilipigwa na ni mimi niliyepokea. Nikimaliza sitarudi kwenye benchi letu. Nitakwenda kukaa naye kule nyuma, tubaki wawili au waje wengine.

Mwanao,
Ezron